Kazi ya kushika mbwa haifai kuchekwa mtaani

Wacha nianze na swali, na ujijibu bila kujidanganya. Ukipigiwa simu leo uambiwe kuna kazi kwenye kliniki ya makao ya wanyama, na kwamba kila asubuhi utaanza kwa kuosha kinyesi cha mbwa, utaenda? Ama utawasimulia wasee wa base mcheke pamoja, halafu urudi kungojea ile kazi ya ofisi uliyoahidiwa tangu mwaka jana?

Najua jibu la wengi kwa sababu nimelisikia. Hapa Tassia mbwa ni wa kulinda geti usiku na paka ni wa kufukuza panya. Mnyama asiye na kazi hana mwenyewe. Kwa hivyo mtu anayeamka asubuhi kwenda kumtunza mnyama kama huyo anaonekana amekosa la kufanya. "Kazi ya mbwa," tunasema, na tunamaanisha kazi duni.

Msimamo wangu ni huu. Kumsaidia daktari wa wanyama ni kazi ya ujuzi, inalinda watu pamoja na wanyama, na mitaa kama yetu inaihitaji sana. Anayeifanya anastahili chanjo, mshahara na njia ya kupanda ngazi. Na wewe unayetafuta kazi unastahili kuijua vizuri kabla ya kuikataa ama kuikubali.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika nyumbani. Sina cheti cha kukuonyesha. Baada ya kuhangaika na mtumba na vibarua vya hapa na pale, nilipata nafasi ya msaidizi kwenye kliniki ya kituo kimoja kinachookota mbwa na paka waliotupwa. Jina la kituo nitaliacha. Nilikaa huko miezi minane, na kazi ninayokueleza hapa niliifanya kwa mikono yangu.

Siku ya msaidizi

Kazi inaanza saa moja asubuhi, kabla daktari hajafika. Unaosha vizimba, lakini si kwa mpangilio wowote unaokujia kichwani. Unaanza na watoto wa mbwa na wale wazima, unafuata wanaopona, unamaliza na wagonjwa. Ukigeuza mpangilio huo, wewe mwenyewe unakuwa gari la ugonjwa, kwa buti zako na ndoo yako. Kuna virusi vinaitwa pavo. Vinaua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, na vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka mzima. Sabuni ya kawaida haiviui. Kinachoviua ni jik iliyopimwa vizuri, ikaachwa sakafuni dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa. Kwa hivyo yule jamaa unayemwona na mopu ndiye ukuta wa kwanza wa kliniki. Akizembea, daktari awe na digrii ngapi, wale wadogo watakufa.

Ukishaosha, unapima. Dawa za wanyama hutolewa kwa uzito, na asubuhi moja meza ile ile inaweza kupandwa na mbwa wa kilo 6 na mwingine wa kilo 30. Ukiandika 16 mahali pa 6, umemzidishia mgonjwa dawa kabla daktari hajagusa sindano. Unapima joto pia. Joto la mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hivyo kile ambacho kwako ni homa, kwake ni kawaida. Unaangalia fizi. Zikiwa na rangi ya waridi, sawa. Zikiwa nyeupe, unamwita daktari mbio. Yote unayaandika kwenye kadi, kwa sababu mgonjwa wako hawezi kusema anaumwa wapi na tangu lini.

Halafu kuna kushika. Watu hudhani kushika mbwa ni nguvu. Ingekuwa nguvu, wangeajiri mabaunsa. Unapitisha mkono mmoja chini ya shingo na mwingine juu ya mgongo, unamvuta kifuani kwako, uso wako ukiwa mbali na mdomo wake. Unapumua polepole kwa sababu anasikia ukiogopa. Paka unamviringisha kwenye taulo kama smokie ndani ya chapati, kichwa tu kibaki nje. Ukishika vibaya, daktari anadunga mahali pasipofaa, ama mmoja wenu anaumwa. Ukishika vizuri, sindano inaisha kabla mnyama hajajua, na hakuna anayekupigia makofi.

Siku za upasuaji ndizo ndefu zaidi. Mbwa jike hubeba mimba kama siku 63 na anaweza kuzaa mara 2 kwa mwaka. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi 5 tu. Ndiyo maana makao ya wanyama huwafunga uzazi. Daktari ndiye anayekata. Wewe unanyoa tumbo, unaosha ngozi, unahakikisha vyombo vimepita kwenye mvuke, unahesabu vitambaa vilivyoingia na vilivyotoka. Akimaliza anasonga kwa mgonjwa wa pili, na wewe unabaki sakafuni na yule wa kwanza. Umemfunika blanketi, umemwekea chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, unahesabu pumzi mpaka ameze mate na kuinua kichwa. Hiyo si kazi ya kupoteza wakati. Utafiti umeonyesha kwamba vifo vingi vya mbwa na paka vinavyotokana na nusu kaputi hutokea baada ya upasuaji, hasa ndani ya saa 3 za kwanza. Yaani ule wakati ambao aliyeketi na mgonjwa ni msaidizi.

Na kuna siku nyingine. Mbwa amegongwa na gari barabarani, mgongo umevunjika, hakuna cha kuokoa. Daktari anadunga ile sindano ya mwisho, wewe unashika kichwa na kuongea naye polepole hadi anyamaze. Jioni unashuka stejini na nguo bado zinanuka dawa, na mtu unayemjua anakupigia kelele, "Niaje, daktari wa mbwa!" Watu wanacheka, nawe unacheka. Ukifika kejani hamu ya chakula imeisha. Ukienda kufanya kazi hii, jua kwamba siku hizo zitakuja, na utafute mtu wa kuongea naye kabla hazijakulemea.

Tassia inaingiaje hapo?

Sasa toka kliniki turudi mtaani. Tassia ni ghorofa juu ya ghorofa. Tumebanwa kati ya Outering, Fedha na Pipeline, watoto hawana uwanja, kwa hivyo wanacheza kwenye barabara ya ploti. Takataka zinarundikwa kwenye kona zile zile, na mbwa wanafuata takataka. Mchana wamelala chini ya magari, usiku wanatembea kundi. Wengine wana wenyewe, ila geti likifunguliwa wanakuwa wa kila mtu. Uliza leo kwenye ploti yenu: kadi ya chanjo ya yule mbwa wa geti iko kwa nani? Caretaker atasema iko kwa landlord. Landlord atasema mbwa ni wa mlinzi. Mlinzi atasema alimkuta hapo.

Kichaa cha mbwa si hadithi ya mashambani pekee. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huo nchini alipatikana viungani mwa Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya miaka 100 baadaye, bado tuko nao. Serikali ilitoa mpango wa kuumaliza kwa binadamu kati ya 2014 na 2030, na makadirio yaliyotajwa wakati huo yalikuwa vifo vya watu kama 2,000 kila mwaka hapa Kenya. Dunia nzima makadirio ni watu 59,000 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wote, asilimia 99, huupata kutoka kwa mbwa, na kati ya kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Ni wale wanaocheza kwenye barabara ya ploti.

Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na inafanya kazi. Mtu akiumwa, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu anaenda hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Najua unachofikiria. Dakika 15 za maji yanayotiririka, mtaa ambao bomba linaweza kukauka wiki nzima na maji unayanunua kwa mtungi? Mimina hayo ya mtungi. Polepole, kwa sabuni, mpaka dakika ziishe. Vyombo vitangoja.

Kuna jambo lingine ambalo mtaani tunalifanya kinyume. Mbwa akimuuma mtoto, umati unakusanyika, anapigwa mawe hadi kufa na kutupwa jalalani. Tunahisi tumemaliza kesi. Kumbe tumeharibu ushahidi. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana kumfungia bila mtu mwingine kuumwa, huangaliwa kwa siku 10. Mbwa ambaye tayari mate yake yana virusi huugua na kufa ndani ya muda huo. Mtoto hangojei siku 10 ndipo atibiwe, sindano zinaanza mara moja. Lakini mbwa akifika siku ya 10 akiwa mzima, daktari wa mtoto anaweza kuamua kuzisimamisha. Na akifa kabla, ubongo wake unaweza kupimwa maabara ili ijulikane wazi.

Sasa jiulize ni nani anayekaa na mbwa huyo siku 10. Nani anamwekea maji, anaangalia kama anameza, kama sauti imebadilika, kama miguu ya nyuma inayumba, na kuandika kila siku kwenye kadi? Daktari anapita na kusoma kadi. Aliyeiandika ni msaidizi. Hapo ndipo kazi ya mbwa inakuwa kazi ya mtoto wa jirani yako.

Glavu na maombi

Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Kwenye kituo nilichofanyia kazi, wasaidizi hatukuwa tumechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Daktari alikuwa amechanjwa tangu alipokuwa akisoma. Sisi tulioshika vichwa tulipewa glavu na maombi. Tulipouliza, tuliambiwa bajeti haijakubali. Jambo hili halijanitoka akilini: chanjo ya mbwa ilikuwepo kwenye friji, yangu haikuwepo.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa kazi hii wachanjwe kabla hawajaumwa. Tangu 2018 ushauri wake kwa kinga hiyo ni sindano 2, ya kwanza leo na ya pili baada ya siku 7. Aliyechanjwa akiumwa bado anaosha kidonda na bado anaenda hospitali, lakini atahitaji sindano chache zaidi, na ile dawa ya kingamwili ambayo ni ghali na huadimika hahitaji tena. Ukilinganisha na gharama ya kumzika mtu, sindano 2 si bajeti ya kushinda mtu.

Na hili si ombi la huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa mfanyakazi mahali pa kazi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inampa haki anayeumia akiwa kazini. Mbwa akikuuma ukiwa umemshikia daktari, hiyo ni ajali ya kazini, hata kama mwenye kituo ni mtu mzuri anayependa wanyama sana.

Kuna neno linaloficha mengi hapa: kujitolea. Sina shida na kujitolea. Mwanafunzi aliye likizoni anayeenda Jumamosi kutembeza mbwa anafanya jambo jema. Lakini kijana anayefika saa moja asubuhi siku 6 kwa wiki, anayesimamiwa na kupangiwa zamu, huyo ni mfanyakazi. Kuanzia Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Mtu anayepima dawa na kulinda mgonjwa akiamka hawezi kuwa chini ya hapo kwa kuwa tu mgonjwa ana mkia.

Kwa hivyo ukiitwa kwenye kazi kama hii, uliza maswali 3 kabla hujavaa buti. Nitachanjwa lini, na nani analipa? Mkataba uko wapi? Nikiumwa nitapelekwa hospitali gani? Mwenye majibu atakujibu bila kukasirika. Anayekasirika amekujibu pia.

Ngazi ipo

Jambo moja tusichanganye. Msaidizi si daktari. Kenya ina Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wahudumu Wasaidizi ya mwaka 2011, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, ndiyo inayosajili na kutoa leseni. Bila leseni unaweza kuosha, kupima, kushika na kuandika chini ya daktari. Huwezi kuzunguka ploti na sindano ukidunga mbwa za watu kwa sababu uliona ikifanywa. Miezi minane kliniki inakupa mkono mzuri. Haikupi ruhusa.

Ruhusa ina njia yake, na si lazima ipitie chuo kikuu. Taasisi za mafunzo ya afya ya wanyama zinazojulikana kama AHITI ziko Kabete, Nyahururu na Ndomba. Ukimaliza kozi inayotambuliwa, unaweza kuomba leseni ya mhudumu msaidizi. Kama wewe ni kama mimi, uliyeacha chuo na unahisi mlango wa masomo umefungwa, huu ni mlango wa kubisha. Ila kabla ya kumlipa mtu yeyote karo, uliza KVB kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa. Vyuo vya ghorofani vinavyouza vyeti ni vingi, na pesa yako ni ya kuhesabu.

Na usiogope neno "msaidizi". Mwaka 1966 mwanamke kijana aliajiriwa kama msaidizi wa utafiti kwenye idara ya anatomia ya mifugo, katika chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu kwenye fani hiyo hiyo, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Jina lake ni Wangari Maathai. Wengi tunamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya 2004, tunasahau kwamba kazi yake ya kitaaluma ilikuwa miili ya wanyama. Usinielewe vibaya, tayari alikuwa na digrii kutoka Marekani. Ninachosema ni kwamba kuitwa msaidizi hakukuwa mwisho wa ngazi yake.

Ujuzi huu ukikosekana mtaani tunaona matokeo. Paka anaumwa, mtu anampa Panadol, kwa nia njema kabisa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mbwa ana upele, mtu anampaka oil chafu ya gari kwa sababu fundi alisema inasaidia. Mbwa anajilamba, sumu inaingia tumboni, ngozi inaungua, na upele unabaki pale pale. Mtaa ukiwa na vijana 5 tu waliofundishwa vizuri, makosa kama hayo yatapungua bila semina yoyote.

Huduma ije upande huu

Chama cha kutunza wanyama, KSPCA, kilianza mwaka 1910, kabla nchi hii haijaitwa Kenya. Si huko nilikofanya kazi, lakini ukitaja makao ya wanyama Nairobi, wengi hukitaja hicho kwanza. Kiko Karen. Sikilaumu kwa hilo. Lakini piga hesabu ya mtu wa Tassia aliye na mbwa mgonjwa. Ni mathree hadi tao, mathree nyingine hadi Karen, na konda gani atakubali mbwa anayetapika? Utalipa teksi, na hiyo teksi ni kodi ya siku kadhaa. Kwa hivyo mbwa anaachwa ajifie, ama anaachiliwa barabarani usiku.

Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kusambaa. Huwezi kufika asilimia 70 ya mbwa wa Eastlands ukiwangojea Karen. Kaunti ilete siku za chanjo Tassia, Pipeline na mitaa jirani, ya bure, Jumamosi na Jumapili watu wakiwa nyumbani, na itangaze kwa vipaza sauti, si kwa tangazo lililobandikwa ofisini. Na ikija, iajiri vijana wa hapa kushika na kuandika kadi. Sisi ndio tunajua mbwa gani analala kwenye ploti gani na ni nani humlisha.

Nakusikia ukisema: watu hawajala, kodi imepanda, na wewe unaandika habari za mbwa. Sawa. Lakini anayeumwa na mbwa asiyechanjwa si mtu wa Runda aliye na ukuta na gari. Ni mtoto aliyetumwa maziwa dukani. Ni mama mboga anayetoka saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Ni mlinzi, ni mtu wa bodaboda, ni wewe ukishuka mathree ya mwisho. Ugonjwa huu unafuata watu wasio na nauli ya kufika hospitali mara kadhaa kwa sindano. Kuongea juu ya mbwa wa Tassia ni kuongea juu ya watu wa Tassia.

Basi fanya yaliyo mkononi mwako wiki hii. Kama kuna mbwa kwenye ploti yenu, itisha kadi yake ya chanjo. Kama haipo, changeni, muiteni mhudumu mwenye leseni, na mtunze hiyo kadi. Wafundishe watoto wa mlango wa jirani kwamba mtu akiumwa hafichi kwa kuogopa kupigwa. Anaosha kwa sabuni na kusema mara moja. Kama una kituo ama kliniki, wachanje wanaokushikia wanyama kabla hujanunua rangi ya ukuta. Na kama unatafuta kazi na hii umepewa, uliza yale maswali 3. Majibu yakiwa sawa, vaa buti uende. Watakaokucheka stejini ndio watakaokupigia simu usiku, mtoto wao akiumwa, kukuuliza wafanye nini.